Mstari Wenye Uhai: Namna ya Kumsoma Mchoraji Unayemhusudu

Mchoraji wa vitabu vya hadithi, mabango ya kilimo au vibonzo vya gazeti hufika mahali picha zake zikamgomea. Uwiano uko sawa, vidole vimetimia, nguo ina mikunjo yake, na bado mtu aliyechorwa amesimama tu, hana pumzi. Kisha anaona kwenye simu mchoro wa haraka wa msanii mwingine: mistari michache ya wino, uso haujamalizika, mguu mmoja umeishia hewani, na mtu yule anaishi. Vijana wanaochora Mbeya, Iringa na Njombe hutumiana picha za namna hiyo, na maneno yanayoambatana nazo ni yale yale. Ana kipaji. Ana mkono mwepesi. Huyu anachora kwa kasi.

Maneno hayo yanaficha mengi. Yanamfanya anayejifunza aige kasi, akaishia na karatasi iliyojaa vurugu. Ukiuchambua mchoro wenye uhai mstari kwa mstari, utakuta uhai wake umetokana na maamuzi: mchoraji aliacha nini, alikandamiza wapi, uzito wa mwili aliutua wapi, na alishika chombo gani. Maamuzi husomeka. Na kinachosomeka hufundishika, ndiyo maana kumhusudu msanii mwingine kunaweza kuwa kazi yenye matunda.

Kasi huja mwisho

Henri Matisse, mchoraji Mfaransa, ana michoro ya wanawake walioketi iliyochorwa kwa mstari mmoja mwembamba wa kalamu, bila kivuli hata kidogo. Anayeiona hudhani ni kazi ya dakika tatu. Matisse mwenyewe alieleza kwamba ilitanguliwa na michoro ya mkaa, mizito, iliyofutwa na kurudiwa mpaka umbo la mtu likamkaa kichwani. Ndipo aliposhika kalamu. Mchongaji Auguste Rodin aliwaacha watu wake watembee chumbani, akawachora bila kuwaondolea macho, karatasi haitazami. Uwiano uliharibika, naye alikubali. Baadaye aliweka karatasi nyingine juu ya mchoro ule na kuchagua mistari ya kubakiza. Katsushika Hokusai wa Japani alipotoa kitabu cha kwanza cha michoro yake midogo ya watu, wanyama na vyombo vya kazi mwaka 1814, umri wake ulishapita miaka 50. Mfululizo huo ulifika vitabu 15.

Kwa hiyo kasi ni dalili ya kujua. Mkono hukimbia pale jicho lilipokwisha kuamua, na hupunguza mwendo pale ambapo jambo halijaeleweka. Chukua mchoro wowote unaoupenda na uutazame kwa karibu: mistari yake haina mwendo mmoja. Sketi inaweza kuwa imepigwa kwa mkupuo mmoja wa mkono, lakini kifundo cha mguu kina mstari wa taratibu, uliosita mara mbili. Anayeiga hukimbia kote sawasawa, na mchoro wake unakuwa na kelele bila sauti ya mtu.

Wanawake wawili, mtoto na mkamuaji wa maziwa

Mfano mzuri kuliko yote, kwa maoni yetu, ni mchoro mdogo wa Rembrandt, mchoraji Mholanzi, wa karibu mwaka 1656, uliohifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Ni wino wa kahawia kwenye karatasi ndogo kuliko A5, yaani kuliko nusu ya A4. Wanawake wawili wanamfundisha mtoto kutembea. Mbele yao kuna mwanamume aliyechuchumaa akinyoosha mkono kumwita mtoto, na nyuma anapita mkamuaji wa maziwa na ndoo yake.

Anza na wanawake. Hakuna mkunjo hata mmoja wa uso uliochorwa kuwaeleza. Maelezo yamewekwa mgongoni. Mgongo wa kila mmoja una mstari wake, na humo unasoma namna anavyoinama kumshika mtoto.  Mtoto yuko katikati yao, na mistari yake ni michache kuliko ya wote. Kinachomfanya awe mtoto anayejifunza kutembea ni mikono yake miwili kupanda juu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa wanaomshika hawalingani. Mwanamume amegeuka, uso wake karibu hauonekani. Mkono wake ulionyooka unatosha kusema yote aliyotaka kusema. Mkamuaji naye amechorwa kwa mistari michache, na bado unajua ndoo yake ina kitu ndani, kwa sababu mwili wake umejipanga kuubeba uzito.

Sasa tafuta wino ulipokuwa mzito. Utaukuta chini na katika sehemu zinazokaribia mtazamaji; mbali, kwa mkamuaji, mstari ni mwepesi. Tafuta mahali mstari ulipokatika kabisa. Pale umbo linapopokea mwanga, Rembrandt hakulifunga. Aliacha karatasi iwe ngozi na kitambaa. Wachoraji wa vitabu huogopa jambo hili kuliko lolote, kwa sababu umbo lisilofungwa ni gumu kumimina rangi kwenye kompyuta. Matokeo yake kila kitu kinazungushiwa ua wa mstari wenye unene mmoja, na mwanga hauna pa kuingilia.

Anayeishi Nyanda za Juu Kusini ana mwalimu wa kudumu wa jambo hili. Asubuhi ya mwezi wa sita ukungu ukiwa umeshuka Tukuyu au Uporoto, tazama mtu anayekuja barabarani. Upande mmoja wa mwili wake una ukingo mkali, upande wa pili umeyeyuka. Chora ukingo mkali tu, acha ule ulioyeyuka, na jicho la msomaji litaumalizia. Ukichora pande zote mbili kwa nguvu sawa, umeondoa ukungu na umeondoa hewa.

Uwezo wa kusema mengi kwa umbo la nje ni wa kale sana katika ardhi yetu. Michoro ya mwambani ya Igeleke, pembezoni mwa mji wa Iringa, ina watu na wanyama waliopakwa kwa rangi nyekundu. Sehemu nyingi zimefifia, lakini kinachobaki kinatambulika kwa mkao na umbo. Mchoraji wa Iringa anaweza kwenda kuiona kwa miguu na kurudi siku hiyo hiyo. Aende. Asiguse mwamba na asiumwagie maji ili rangi zionekane, maana hiyo ni njia ya uhakika ya kuiharibu.

Uzito unatua wapi

Sababu kubwa ya picha kulala ni kwamba mtu aliyechorwa hana uzito. Hapa kuna sheria chache za mwili ambazo wachoraji wakubwa hawazivunji hata wanapotia chumvi.

Mtu akisimama kwa mguu mmoja zaidi, kibonde kilicho chini ya koo hukaa juu ya kifundo cha mguu ule unaobeba. Shusha mstari wima wa kubuni kutoka kwenye kibonde hicho. Ukiangukia nje ya nyayo, mtu wako anaanguka. Nyonga ya upande unaobeba hupanda, na bega la upande huo huo hushuka. Mistari hii miwili, ya nyonga na ya mabega, ndiyo ya kuchora kwanza, kabla ya kichwa. Anayeanza na kichwa huishia kuning'iniza mwili chini yake.

Mwenye ndoo mkono mmoja huegemea upande wa pili, na mkono ulio mtupu hutoka nje kusawazisha. Mwenye mkungu wa ndizi kichwani hufanya kinyume kabisa: kichwa, shingo na uti wa mgongo vinakaa kwenye mstari mmoja wima, mabega yametulia, na mwendo wote umehamia nyonga na magoti. Kosa la kawaida katika vitabu vya watoto ni kuchora mtu anayetembea kwa kawaida, kichwa kimeinama kidogo, kisha kumwongezea mzigo juu. Mzigo huo ungekuwa umeshaanguka. Kuli anayebeba lumbesa ya viazi mgongoni huinamisha kiwiliwili mpaka kitovu cha uzito wa gunia kiwe juu ya nyayo zake, magoti hayanyooki, na kisigino cha nyuma huchelewa kunyanyuka. Ukimchora wima, gunia linaonekana limejaa hewa.

Baridi ya Mbeya, Makete na Njombe inaleta tatizo lake. Sweta, koti juu ya sweta, kitenge juu ya suruali, na mwili umepotea ndani ya nguo. Suluhisho ni kutafuta sehemu ambazo nguo inaning'inia na sehemu ambazo inabanwa: bega, kiwiko, nyonga, goti. Mikunjo yote huanzia kwenye sehemu hizo na kutawanyika. Chora sehemu hizo nne na mikunjo miwili mitatu inayotoka kila moja. Mikunjo mingine iache. Mikunjo ikiwa mingi na sawasawa, kitambaa kinakuwa bati la mgongo na mtu aliye ndani anatoweka.

Chombo kinachokulazimisha kuamua

Peni ya jeli inayouzwa kila duka la vifaa vya shule hutoa mstari wa unene mmoja, ukandamize usikandamize. Ni chombo kizuri cha kuandikia na kibovu cha kujifunzia uzito wa mstari. Peni ya kawaida ya wino mzito, ile ya bei ndogo kuliko zote, ni bora mara nyingi zaidi, kwa kuwa ukiishika kwa wepesi hutoa kijivu na ukikandamiza hutoa weusi. Penseli laini, ya 4B au 6B, inafanya hivyo kwa upana zaidi. HB ngumu humchelewesha anayejifunza; mstari hautoki mpaka ukandamize, na mkono unakakamaa.

Lakini chombo tunachokipenda kuliko vyote kinaota nyuma ya nyumba. Mwaka 1888, mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh akiwa Arles, kusini mwa Ufaransa, alichonga kalamu kutoka kwenye matete ya huko na kuchora mashamba kwa nukta, vistari vifupi na mikunjo minene iliyotofautiana kila sehemu. Kalamu ya tete haihifadhi wino mwingi. Baada ya sentimita chache mstari unaanza kukauka na kuparuza, na mchoraji analazimika kuchovya tena. Ule upungufu ndio ulioipa michoro yake mapigo.

Iringa na Njombe wana mianzi inayogemwa ulanzi, na mwanzi uliokomaa unafaa kazi hii. Chagua uliokauka kabisa, unene wa kidole kidogo, kata kipande cha sentimita 18 hadi 20. Kwa kisu kikali cha karatasi, kata ncha kwa mlazo mrefu wa sentimita 3 hivi, kisha kwangua nyama laini ya ndani mpaka libaki ganda gumu la nje. Chonga mabega ya pande mbili ili ncha iwe na upana wa milimita 1 hadi 2, na ikate wima kabisa kwa kuilaza juu ya kipande cha mbao. Mwisho pasua ufa katikati ya ncha, urefu wa sentimita moja, usizidi moja na nusu. Ufa mfupi mno hauteremshi wino. Ufa mrefu mno hufunguka ukikandamiza na kudondosha madoa. Mwanzi mbichi ukichongwa hupinda unapokauka, ndiyo maana tunasisitiza ukavu. Kabla ya kuitumia mara ya kwanza, loweka ncha kwenye maji dakika chache, kwa sababu ncha kavu kabisa huukataa wino. Kata tena ncha kila inapolainika.

Wino wa chupa unatosha. Kahawa ya unga inayoyeyuka nayo inatoa kahawia nzuri: vijiko viwili vya chai kwa vijiko vitatu vya maji ya moto, ipoe, kisha ongeza maji kwa sehemu unazotaka ziwe nyepesi. Ijulikane tu kwamba kahawa hupauka ikikaa juani na huota ukungu chupani baada ya siku kadhaa, kwa hiyo ni ya mazoezi na ya kazi utakayoipiga picha mapema. Si ajabu sana. Wino wa zamani uliotengenezwa kwa chuma na vinundu vya mialoni, miti ya Ulaya, ulikolea kuwa mweusi baada ya kupakwa, kisha mara nyingi ukageuka kahawia kwa miaka, kwa hiyo rangi ya joto tunayoipenda katika baadhi ya michoro ya kale ni kazi ya muda.

Mkaa wa kuchorea hauna haja ya kuagizwa. Kata vijiti vya unene wa penseli kutoka matawi yaliyopogolewa ya mipichi au mti mwingine wa matunda, menya ganda, kausha wiki kadhaa. Vijaze kopo la bati lenye mfuniko, vikibanana ili hewa iwe kidogo, toboa tundu moja la msumari kwenye mfuniko, na lizike kopo katika makaa ya jiko. Moshi utatoka tunduni kwa nguvu, kisha utapungua. Ukikoma kabisa, kwa kawaida baada ya saa moja au mbili, liondoe. Usilifungue likiwa la moto. Vijiti vikikutana na hewa vikiwa vyekundu vinawaka na unabaki na majivu. Kijiti kikichora kahawia na kukwaruza, hakijaiva. Kikivunjika kwa kuguswa, kimezidi. Msonobari, ambao Mufindi umejaa, usiutumie: utomvu wake huacha mkaa unaonata na kukwama.

Kuhusu karatasi, ile ya fotokopi ya gramu 80 inatosha penseli, peni na mkaa mwepesi. Wino wa mwanzi utaichakaza, hasa masika ambapo karatasi hunyonya unyevu wa hewa na mstari hutambaa pembeni. Zihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Kwa mkaa, karatasi ya kaki, ya aina inayotengenezwa kwenye kiwanda cha Mgololo, ni bora kuliko nyeupe, na hapa hatusemi kwa kufariji wasio na fedha. Rangi yake ya kati inakupa tayari nusu ya kazi: mkaa unaweka giza, chaki nyeupe inaweka mwanga mahali pawili patatu, na vyote vilivyobaki unaviacha. Iringa mjini, karakana ya Neema Crafts imekuwa ikitengeneza karatasi kwa mkono, ikiwamo ya kinyesi cha tembo. Ina nyuzi na mikwaruzo inayokataa vistari vidogo na kumlazimisha mtu achore kwa upana.

Simu inapotosha ukubwa

Käthe Kollwitz, Mjerumani, alijichora mwaka 1933 akiwa mbele ya karatasi yake, mkono umenyooka na kijiti cha mkaa. Uso umeshughulikiwa kwa uangalifu na mkono wa kuchorea unasomeka vizuri. Kati ya viwili hivyo, pale ambapo mkono mzima na sweta vingepaswa kuwa, kuna mikwaruzo mipana ya mkaa inayopanda na kushuka kwa nguvu kutoka bega hadi kiganja. Haielezi msuli hata mmoja. Inaeleza nguvu inayosafiri kutoka kichwani kwenda kwenye karatasi. Umechorwa kwenye karatasi ya kahawia.

Upana wa karatasi ile unazidi sentimita 60. Ukiiona kwenye simu, mikwaruzo ile inaonekana kama kazi ya kifundo cha mkono, vistari vya milimita kadhaa. Kumbe ilipigwa kwa bega. Anayeinakili kwenye daftari dogo kwa vidole anapata kitu kilichokakamaa na kujilaumu kwamba hana kipaji, ilhali amekosea kiungo cha mwili tu. Kinyume chake hutokea kwa ule mchoro wa Rembrandt: watu huutanua ukuta mzima na kushangaa mstari unakuwa mchovu.

Kabla ya kunakili, tafuta vipimo halisi. Majumba mengi ya makumbusho huviandika kwenye kurasa zao. Kata karatasi yako kwa vipimo hivyo. Mstari unaozidi sentimita 15 chora kwa bega, ukiwa umesimama na karatasi imeinuliwa kwenye ubao. Wa sentimita 5 hadi 15 ni wa kiwiko. Vidole vibaki kwa jicho, kucha na ncha ya pua. Pia kumbuka kwamba programu za simu hung'arisha picha, na karatasi iliyokuwa ya kijivu au kahawia huonekana nyeupe. Mwanga uliouona huenda haukuwapo.

Kunakili kwa kusoma

Kunakili kumepata jina baya kwa sababu ya wanaofuatisha mistari juu ya kioo na kutia sahihi yao. Kunakili kwa kujifunza ni kazi nyingine. Tazama mchoro dakika tano bila kushika kitu. Tafuta mstari ambao huenda ulikuwa wa kwanza. Mara nyingi ni ule mrefu unaopita kutoka kichwani hadi mguu unaobeba, na mistari mingine imekaa juu yake. Hesabu sehemu zenye weusi kamili, kwa kawaida hazizidi tano. Tia alama ya mahali mistari ilipokatika. Kisha chora kwa chombo cha aina ile ile na ukubwa ule ule, mara tatu: ya kwanza ukiuangalia, ya pili ukiufunika na kuchora kwa kumbukumbu, ya tatu ukimchora mtu mwingine kabisa kwa kufuata maamuzi yale yale. Ya tatu ndiyo yenye thamani. Mwenye bidii anafanya ya kwanza mara kumi asifike kwenye ya tatu, na hapo ndipo wengi wanapokwama kwa miaka.

Chukulia msanii Mtanzania George Lilanga, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005. Alianza kwa kuchonga vinyago vya Kimakonde kabla ya kujiunga na Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Mashetani aliyoyachora yana masikio makubwa, matumbo ya mviringo na viungo vinavyopinda bila kujali mifupa. Anayeiga sura ya nje atachora masikio makubwa. Anayesoma maamuzi ataona kwamba kila nafasi iliyo wazi kati ya miili ina umbo lililofikiriwa sawa na mwili wenyewe, jambo ambalo mchongaji analijua kwa patasi: akiondoa mti, pengo linalobaki nalo linaonekana. Sasa chora wanawake watatu wanaouza maparachichi Tukuyu, ukianza na mapengo yaliyo kati yao. Hakutakuwa na sikio kubwa hata moja, lakini Lilanga atakuwa amekufundisha.

Vikaragosi navyo vina somo. Mfaransa Honoré Daumier alifungwa mwaka 1832 kwa kikaragosi cha mfalme wa Ufaransa, na aliacha picha za litografia, yaani zilizochorwa juu ya jiwe na kuchapwa, zinazokaribia 4,000. Alifinyanga wanasiasa kwa udongo, akawajua vichwa vyao pande zote, ndiyo maana nyuso zake zina uzito. Gado, mchora vibonzo Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kufahamika kwa kazi zake Nairobi, mwangalie chini ya shingo: mabega, tumbo na namna kiongozi anavyoketi hubeba tabia sawa na uso. Ziba uso kwa kidole gumba. Kikaragosi kizuri bado kitakwambia nani ana kiburi na nani anaomba.

Makosa ya wanaonakili yanajirudia. La kwanza ni mstari wenye manyoya, yaani vistari vifupi vingi vinavyopapasa badala ya mmoja ulioamuliwa. Dawa yake ni peni isiyofutika na sharti la kutorudia mstari. La pili ni kuongeza madoa na matone ya wino ili mchoro uonekane wa kisanii. Doa la Van Gogh au la Rembrandt lina kazi, linashusha kivuli au linazuia jicho. Doa la kupambia linajulikana mara moja. La tatu ni kumsoma msanii mmoja tu. Soma watatu wasiofanana, mmoja wa mstari mwembamba, mmoja wa mkaa mpana, mmoja wa vikaragosi, na hutanaswa na mazoea ya yeyote. Nakala zako ziandike wazi kwamba ni baada ya nani, na za wasanii walio hai usiziuze.

Sokoni na stendi

Mwanjelwa, Soko Kuu la Iringa, stendi ya Uyole: watu hawatakungoja, na hilo ndilo jambo jema. Gawa muda. Michoro kumi ya sekunde 30, mstari wa mkao tu na mistari ya nyonga na mabega. Kisha mitano ya dakika mbili. Kisha mmoja wa dakika kumi wa mtu aliyeketi. Kinyume chake hakifai, kwa kuwa ukianza na mrefu jicho linazoea kuchunguza vipande. Mtu akiondoka katikati, usimalizie kwa kubuni. Geuza ukurasa. Muuzaji hurudia matendo yale yale, kupima, kufunga, kupokea fedha, kwa hiyo fungua michoro mitatu yake kwenye ukurasa mmoja na uruke kutoka mmoja hadi mwingine kadiri tendo linavyorudi.

Salimia kabla ya kufungua daftari. Kwa mzee, shikamoo kwanza. Kwa Iringa na Njombe, kamwene, salamu ya Wahehe na Wabena, hufungua mlango mpana. Mwambie mama unachora na umwonyeshe, kwa sababu mtu anayetazamwa kimya kwa dakika kumi ana haki ya kukasirika. Akikataa, mshukuru uhame.

Uhai usife kwenye picha ya mwisho

Mchoro wa sokoni una nguvu. Ukifuatishwa kwa makini kuwa picha safi ya kitabu, nguvu inakwisha. Sababu ni kwamba mkono unaofuatisha unatazama mstari, hautazami mtu. Quentin Blake, Mwingereza aliyezaliwa 1932, alitatua hili kwa namna ambayo kila mchoraji wa vitabu anaweza kuifuata. Huweka rasimu chini ya karatasi nene juu ya kioo chenye mwanga, ikionekana kwa shida tu, kisha huchora upya kwa kalamu ya kuchovya. Rasimu humwonyesha mahali vitu vilipo. Mstari unazaliwa mpya.

Kioo cha dirisha mchana kinatosha, au kipande cha kioo juu ya vitabu viwili na taa ya simu chini yake. Karatasi ya juu iwe gramu 160 hadi 200. Ikiwa nyembamba mno utaiona rasimu vizuri kupita kiasi na utaanza kufuatisha. Ongeza karatasi nyingine katikati mpaka ibaki kivuli. Anza na sehemu ngumu kuliko zote, kwa kawaida uso na mikono, kwa sababu zikiharibika unatupa karatasi kabla hujapoteza saa nzima. Chora matoleo manne au matano bila kuyalinganisha, yaache mpaka kesho, kisha chagua. Kwa wino wa mwanzi, subiri robo saa kabla ya kupaka rangi ya maji, na siku ya mvua Tukuyu subiri zaidi. Gusa sehemu nene kwa mgongo wa kidole, maana hiyo hukauka mwisho. Unapopiga picha ya kutuma kwa mchapishaji, laza karatasi karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima mwanga wa simu, shika simu sambamba na karatasi, na usiongeze ung'aavu mpaka mistari ya kijivu ikapotea.